Mhakiki Aliyekasirika

Siku hizi ukitafuta mtu wa kuisema vibaya Dr. Strangelove utatafuta sana. Filamu hiyo ya Stanley Kubrick, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa Januari 1964, iliingizwa mwaka 1989 katika kundi la kwanza la filamu 25 ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani iliagiza zihifadhiwe. Mwaka 2000, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipopanga vichekesho 100 bora vya nchi hiyo, iliiweka ya tatu. Walimu wa sinema wanaifundisha, wanasiasa wanaitaja hata kama hawajaiona, na mwaka 2024 iligeuzwa mchezo wa jukwaani mjini London, Steve Coogan akiigiza nafasi nne peke yake. Sifa hizo inazistahili. Tatizo ni kwamba zimetusahaulisha jinsi ilivyowachoma watu ilipokuwa mpya, na yule iliyemchoma kuliko wote, Bosley Crowther wa New York Times, amebaki vitabuni kama mfano wa mzee asiyejua utani. Naona tumemwonea. Katika wahakiki wa mwaka ule, yeye ndiye aliyeona kwa usahihi zaidi filamu inasema nini. Alichokosea ni sababu ya kusema hivyo, na sababu hiyo, kama angeikubali, ingemkosesha usingizi zaidi ya filamu yenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki, kwa asiyekijua. Jenerali Jack D. Ripper wa jeshi la anga la Marekani amejiaminisha kwamba Wakomunisti wanaharibu maji ya mwili wa Wamarekani kwa kutia floraidi kwenye maji ya kunywa. Anaifunga kambi yake, anakata mawasiliano, kisha anaziamuru ndege zake za B-52 zikaupige Muungano wa Kisovieti kwa mabomu ya nyuklia. Rais Merkin Muffley anaketi na wakuu wake katika Chumba cha Vita na kugundua kwamba hawezi kuzirudisha ndege, kwa sababu herufi za siri za kuziita anazo Ripper peke yake. Halafu balozi wa Kisovieti anafichua kwamba nchi yake imetega mtambo wa kiyama: bomu moja likianguka, mtambo utalipuka wenyewe na kuua kila kilicho hai, wala hakuna awezaye kuuzima. Herufi zinapatikana, ndege zilizosalia zinageuza, isipokuwa moja ambayo redio yake imeharibiwa na kombora. Hiyo moja inatosha.

Kisa hiki hakikuzaliwa kichekesho. Peter George, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la anga la Uingereza, alikitoa mwaka 1958 kama riwaya ya kusisimua, akitumia jina la bandia la Peter Bryant. Uingereza iliitwa Two Hours to Doom, Marekani ikaitwa Red Alert. Hamna mzaha humo. Jenerali wake ni mgonjwa anayejua siku zake zinahesabika, na amefikia kwa utulivu uamuzi kwamba kumshambulia adui kabla hajajiandaa ndiyo njia ya amani. Dr. Strangelove, yule mwanasayansi wa kwenye kiti cha magurudumu ambaye mkono wake unataka kupiga saluti ya Hitler bila idhini yake, hayumo kabisa. Na mwishoni msomaji anapewa faraja: bomu halifanyi uharibifu uliokusudiwa, mji unapona, viongozi wa pande mbili wanabaki na hofu itakayowatia akili. Thomas Schelling, mtaalamu wa nadharia ya mikakati aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2005, aliijadili riwaya hii mwaka 1960 kama jambo la kufikiriwa na watu wenye dhamana. Kubrick naye aliianza hivyohivyo, kwa uso mkavu, akiandika na George mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba kila alipojaribu kujaza matukio, alijikuta akitupa hili na lile kwa kuogopa watu watacheka, hadi akatambua kuwa anayoyatupa ndiyo yenye ukweli zaidi. Akamwita Terry Southern, fundi wa tashtiti, na faraja ya riwaya ikawa ya kwanza kutupwa.

Crowther alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti lake tangu 1940. Hakuwa mtu wa kutetea serikali kwa mazoea. Alipinga udhibiti wa filamu, aliwapinga waliowinda Wakomunisti Hollywood, na aliwafundisha Wamarekani kuzipenda filamu za Italia na Ufaransa. Katika uhakiki wake hakukana kwamba Dr. Strangelove ina akili wala kwamba waigizaji wake ni hodari. Alisema ni mzaha wa kutia kinyaa kupita wowote aliowahi kukutana nao, na akaeleza kinachomsumbua: dharau kwa mfumo mzima wa ulinzi wa nchi, kuanzia chini hadi kwa Amiri Jeshi Mkuu. Ikiwa karibu kila mtu ni mpumbavu au mwendawazimu, aliuliza, basi picha hii inathibitisha nini?

Wengi wa wenzake hawakuuliza. Stanley Kauffmann aliipokea kwa shangwe, Robert Brustein vilevile, na wahakiki wa New York wakampa Kubrick tuzo ya mwongozaji bora wa mwaka. Uingereza ikaipa ya filamu bora. (Oscar iliiteua mara nne na kuiacha mikono mitupu, picha ya mwaka ikawa My Fair Lady, ambayo haikumkera mtu.) Ukizisoma sifa za wakati ule unaona zinazunguka mambo mawili, ujasiri na uhuru: hatimaye kuna mtu amewacheka majenerali. Usomaji huo una kweli ndani yake, ila una raha fulani isiyo halali. Ukiamini kwamba filamu inawacheka majenerali vichaa, basi dawa ni kuwapata wasio vichaa. Crowther aliona kwamba Kubrick ameuziba mlango huo. Aliichukulia filamu kwa neno lake, na ndiyo maana hakucheka.

Ushahidi mzuri zaidi wa alichokuwa akikitaka tunao, kwa bahati tu ya kibiashara. Mwaka 1962 Eugene Burdick na Harvey Wheeler walitoa riwaya ya Fail-Safe, iliyofanana mno na ya George, hadi kesi ikafunguliwa. Mambo yakamalizwa nje ya mahakama, kampuni ya Columbia ikazishika filamu zote mbili, na ile ya Kubrick ikatangulia. Fail Safe ya Sidney Lumet ikafuata vuli ya mwaka uleule. Hapo kisa ni kimoja lakini hakuna kicheko: hitilafu ya mtambo inazituma ndege Moscow, na Rais, akiigizwa na Henry Fonda kwa sauti ya mtu unayeweza kumwachia watoto wako, anazungumza na mwenzake kwa heshima, kisha anaamuru New York ipigwe na bomu la Marekani lenyewe ili Moscow isife peke yake. Crowther aliipenda. Alichokisifu hasa ni kwamba haiwafanyi wahusika wake kuwa mazimwi na mazuzu, bali watu wenye akili wanaojitahidi kurekebisha kosa. Mamilioni wanakufa katika filamu zote mbili, na katika ile aliyoipenda wanakufa kwa amri ya Rais wao. Kwa hiyo si vifo vilivyomkera. Alichokitaka ni mtu mmoja wa kutegemewa, hata kama mtu huyo ndiye atakayetoa amri ya kuua.

Pingamizi la kwanza linajileta lenyewe: Crowther hakuitazama filamu vizuri, kwa sababu si kila mtu ndani yake ni mpumbavu. Ni kweli, na hapa inafaa tuisogelee kwa karibu. Muffley, mojawapo ya nafasi tatu alizoigiza Peter Sellers, ni mtu mwungwana. Ana upara, ana mafua kidogo, anachukia vita na anayasema anayoyaamini. Tazama anavyompigia simu kiongozi wa Kisovieti, ambaye amelewa. Sisi tunamsikia Rais tu. Kwanza anamwomba apunguze muziki. Halafu anaanza kumweleza, kwa upole wa mtu anayemwarifu jirani kwamba mbuzi wake wamekula mihogo, kuwa kamanda wake mmoja amefanya jambo la kipuuzi. Mwenzake anakasirika, Rais anaumia, na wanaingia katika ubishi wa nani amesikitika zaidi. Dakika zinapita, ndege zinasonga. Hakuna upuuzi wowote katika anachokisema Muffley. Kila sentensi ni ya adabu, na ndivyo mtu mwenye busara angeongea na mlevi anayeshika mabomu. Tunacheka kwa sababu adabu na busara, vitu tulivyofundishwa kuvithamini, havilingani hata chembe na ukubwa wa jambo. (Mwaka mmoja kabla, baada ya mzozo wa makombora ya Cuba, Washington na Moscow zilikuwa zimeunganishwa kwa njia ya dharura. Ilikuwa mashine ya maandishi. Kubrick aliwapa simu, na kwa simu akawapa hisia za kuumizana.)

Au mchukue Mandrake, ofisa Mwingereza, Sellers tena. Huyu ndiye mwenye akili kuliko wote: ndiye anayezing'amua herufi tatu za siri kutokana na maneno ambayo Ripper alikuwa akiyachorachora kwenye karatasi. Anazo mkononi. Dunia inaweza kuokoka. Kinachobaki ni kumpigia Rais, na njia iliyopo ni simu ya sarafu. Sarafu hazimtoshi. Pentagon, aliko Rais, haikubali kulipia simu inayoingia. Anamwomba mwanajeshi aliyemkamata aipige risasi mashine ya Coca-Cola ili wapate chenji, na mwanajeshi yule, mtu mwaminifu kabisa kwa kazi yake, anasita kwa sababu hiyo ni mali ya watu. Anakubali hatimaye, lakini anamwonya Mandrake kwamba asipompata Rais atakuja kujibu kwa kampuni ya Coca-Cola. Huyo mwanajeshi ana kosa gani? Ametii sheria ya mali. Katika siku nyingine yoyote tungemsifu.

Ndani ya ndege iliyobaki hali ni ileile kwa namna ya kuhuzunisha zaidi. Meja Kong na vijana wake ni hodari, wanapendana, wanafuata taratibu hatua kwa hatua. Redio imekufa, mafuta yanavuja, wanabadilisha shabaha kwa sababu hawataifikia ile ya kwanza, na kwa kufanya hivyo wanawaponyoka Wasovieti waliokuwa wameshaambiwa mahali pa kuwasubiri. Milango ya bomu inakwama, Kong anashuka mwenyewe kuitengeneza. Katika filamu yoyote ya vita tungekuwa tunawashangilia, na ukweli ni kwamba ukumbini watu huwashangilia. Ndipo bomu linapoanguka na Kong juu yake, akipunga kofia kama mpanda farasi wa maonyesho. Kubrick alikuwa pia amepiga tukio la mwisho ambamo wakubwa wote wa Chumba cha Vita wanarushiana keki usoni, na akalikata kwa sababu aliliona ni mzaha mtupu usioendana na filamu. Alifanya vizuri. Tukio lile lingemthibitishia Crowther kwamba wote ni mazuzu, na filamu ingekuwa nyepesi zaidi.

Basi pingamizi linasimama, lakini halimwokoi yule anayelileta. Crowther alidhani hakuna wa kutegemewa kwa sababu kila mtu ni mjinga. Filamu inasema jambo zito zaidi: wenye akili wapo, waadilifu wapo, mashujaa wapo, na bado hakuna wa kutegemewa, kwa sababu mtambo umeundwa usimsikilize mtu. Kichaa mmoja alihitajika kuanzisha tu. Kuanzia hapo kazi yote inafanywa na watu timamu.

Je, dai hilo lilikuwa la haki kwa Marekani ya 1964? Jeshi la anga lilikana kwa maandishi, na kanusho lake, lililosema kwamba kinga zilizopo zingezuia mambo kama hayo, likawekwa mwanzoni mwa filamu, ambapo leo linasomeka kama kichekesho cha kwanza. Lakini kulikuwa na watu waliojua. Daniel Ellsberg, aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kufichua nyaraka za Vita vya Vietnam, wakati huo alikuwa mchambuzi wa taasisi ya RAND anayeshughulikia mipango ya vita vya nyuklia. Ameeleza kwamba alikwenda kuitazama na mwenzake wa kazini, na walipotoka walikubaliana kuwa wameona kitu kinachokaribia filamu ya matukio halisi. Hakuwa akitia chumvi. Nyaraka zilizofunguliwa miongo kadhaa baadaye zinaonyesha kwamba Rais Eisenhower aliwapa baadhi ya makamanda ruhusa ya awali ya kutumia silaha za nyuklia katika dharura ambapo Rais hapatikani. Januari 1961 ndege ya B-52 ilisambaratika angani karibu na Goldsboro, North Carolina, ikadondosha mabomu mawili ya haidrojeni juu ya mashamba ya Wamarekani wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Wasovieti walikamilisha mfumo wa Perimetr, wa kurusha makombora hata kama uongozi wote umeuawa. Ulibakiza watu wachache katika mnyororo wake, tofauti na ule wa filamu, lakini ulifichwa vilevile, na katika filamu ni Strangelove mwenyewe anayelalama kwamba mtambo wa kumtisha adui hauna maana adui asipoambiwa upo.

Crowther hakuwa na nyaraka hizo, na si haki kumhukumu kwazo. Alichokuwa nacho ni barua ya Lewis Mumford, mwanahistoria wa miji na teknolojia, iliyochapishwa na gazeti lake mwenyewe Machi 1964. Mumford alijibu kwamba ugonjwa haumo katika filamu. Umo katika nchi inayojiita ya kidemokrasia na ya maadili, ambayo iliacha sera ya kuangamiza watu itungwe bila mjadala wa wananchi, na filamu hii ndiyo ya kwanza kuizindua nchi hiyo katika bumbuwazi la Vita Baridi. Naiona barua hiyo kuwa uhakiki bora ulioandikwa juu ya Dr. Strangelove, na inakubaliana na Crowther kuhusu kilichomo kwenye picha. Wote wawili waliona dharau ileile. Mmoja aliiona ni tusi, mwingine akaiona ni taarifa.

Kwa nini basi Crowther asivuke hatua hiyo? Nadhani wakati una sehemu yake. Onyesho la awali lilipangwa tarehe 22 Novemba 1963, likafutwa kwa sababu mchana wa siku hiyo Rais Kennedy aliuawa Dallas. Hata neno Dallas, alilolitamka Kong, ilibidi lifunikwe kwa Vegas. Wiki kumi baadaye nchi ilikuwa bado matangani, na hapa anakuja mtu kumcheka Rais. Sisi tuna watani, ambao huja msibani wakamwigiza marehemu na kuwasema wafiwa, na hakuna anayenuna, kwa sababu undugu wa utani umewapa haki hiyo tangu zamani. Kubrick hakuwa na haki ya namna hiyo kwa Wamarekani. Alikuwa Mmarekani aliyehamia Uingereza, na filamu aliipiga huko, Shepperton. Si ajabu kwamba mwandishi mmoja wa Washington Post aliona Wakomunisti wasingeweza kuota propaganda bora kuliko hiyo.

Pingamizi zito zaidi halikutoka kwa wazalendo. Lilitoka kwa mhakiki Pauline Kael, ambaye mwaka 1967 angekuwa upande wa pili kabisa na Crowther katika ugomvi wa filamu ya Bonnie and Clyde, ugomvi uliomwondoa mzee kwenye kiti chake. Kael alikubali kwamba Dr. Strangelove ilikusudiwa kuwa onyo. Lakini onyo lisiloonyesha njia yoyote ya kurudisha akili, alisema, huwathibitishia watu hofu yao tu, nao wakaishia kucheka. Tazama basi maadui wawili wakikutana: Crowther anauliza picha inathibitisha nini, Kael anauliza inatuacha wapi.

Hoja ya Kael ina nguvu, na sifa za leo zinaipa nguvu zaidi. Mtazamaji wa sasa huingia akijua kwamba anatazama kazi kubwa, anacheka mahali panapojulikana, anatoka akijiona mwerevu kuliko wakubwa wa 1964. Hilo silikatai. Ninalolikataa ni kwamba filamu ilipaswa kuleta dawa. Fail Safe ilileta: dawa yake ni Rais mwema. Ukiondoka pale unalia, lakini unaondoka ukimwamini, na imani hiyo ndiyo hasa iliyoruhusu mipango kuandaliwa bila mtu kuulizwa. Kubrick aliinyima hadhira yake imani hiyo, na Crowther alilia kama mtu aliyenyang'anywa kitu, jambo ambalo wenzake waliokuwa wakipiga makofi hawakulionyesha. Kuhusu nani aijaze nafasi iliyoachwa wazi, Mumford alishasema: si kazi ya mwongozaji wa filamu, ni kazi ya mjadala wa umma. Mjadala huo umefanyika kwa vipande tu. Mpaka sasa Rais wa Marekani, awe mwungwana kama Muffley au awe mtu wa namna nyingine, anaweza kuamuru silaha za nyuklia zitumike bila kuhitaji idhini ya Bunge, ya mahakama, wala ya waziri wake wa ulinzi.